Ibn Hajar Hakuhalalisha Mirungi, Wala Sigara Si Khamri
Uhakiki wa kauli mbili zinazosikika misikitini mwetu

Bismillahir-Rahmanir-Rahim. Kila sifa njema anastahiki Allah (s.w.), aliyetuhalalishia vilivyo vizuri na akatuharamishia vilivyo viovu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Kilichotusukuma kuandika makala hii ni mambo mawili tuliyokutana nayo hapa Bunda katika Ramadhani moja.

La kwanza, baada ya tarawehe tuliwakuta vijana wa bodaboda wamekaa barazani na kitita cha mirungi katikati yao. Tulipowanasihi, mmoja wao, aliyewahi kusoma madrasa, akatujibu kwa adabu: "Maalim, usitukasirikie. Ibn Hajar mwenyewe kasema hakuna dalili ya kuiharamisha. Tumeisikia darsani." Bunda iko juu ya barabara kuu ya Sirari kwenda Mwanza, na mirungi ya Kenya hupita humo usiku na mchana kwa njia za kificho. Kwa hiyo kijana huyo hakukosa mirungi, na sasa hakukosa na kitabu.

La pili lilitokea katika mwalo mmoja wa wavuvi wa dagaa kando ya ziwa. Tulimkuta mzee mmoja ambaye zamani hakuwa akikosa swala ya jamaa, na sasa hasali kabisa. Tulipomuuliza sababu, akasema: "Sheikh, mhubiri alitwambia sigara ni khamri, na mwenye kunywa khamri swala yake haikubaliwi siku arobaini. Mimi navuta kila siku. Siku arobaini zangu haziishi. Nijichoshe kwa nini?" Katika mwalo huo huo vijana wanne walikuwa wamejitenga na msikiti, wanasali peke yao chini ya mwembe, kwa sababu imamu anatumia ugoro, nao wameambiwa kinywa chake ni najisi na swala nyuma yake ni batili.

Ndugu msomaji, tazama jinsi kauli mbili zinazopingana zilivyozaa madhara yanayofanana. Wa kwanza amepewa ruhusa ambayo mwenye kitabu hakuitoa. Wa pili amebebeshwa hukumu ambayo sharia haikumbebesha, akaacha nguzo ya dini kwa sababu ya sigara. Tumeona ni wajibu kuzipima kauli hizi mbili kwa mizani ya elimu.

Kauli ya kwanza: "Ibn Hajar kaihalalisha"

Anayekusudiwa ni Imamu Ibn Hajar al-Haytami, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafi, mzaliwa wa Misri aliyehamia Makka na kufariki huko mwaka 974 H (1567). Risala yake inaitwa Tahdhir al-Thiqat min Akl al-Kufta wal-Qat, nayo imeingizwa katika mkusanyiko wa fatwa zake kubwa. Qat ndiyo hii tunayoiita mirungi, na ndugu zetu wa Kenya huiita miraa.

Jambo la kwanza la kuzingatia ni jina lenyewe la risala. Maana yake ni kuwatahadharisha watu waaminifu wasile kufta na qat. Je, mtu huandika kitabu cha kutahadharisha watu na kitu alichokwisha kukihalalisha?

Jambo la pili ni sababu ya risala hiyo. Ibn Hajar alikuwa Makka, na mmea huo uliliwa Yemen. Wanazuoni wa Yemen walihitilafiana, wakamwandikia na kumpelekea hoja zao. Wapo waliosema mmea unabadilisha akili na kuudhoofisha mwili, na miongoni mwao wapo waliowahi kuutafuna wenyewe kabla ya kuuacha. Wapo waliosema hauna lolote ila unachangamsha na kumsaidia mtu kukesha katika ibada. Mbele ya ushahidi uliogongana namna hiyo, Ibn Hajar alisema hawezi kukata hukumu ya uharamu kwa wote. Hata hivyo aliweka wazi kwamba mwenye kudhurika nayo ni haramu kwake, na kwamba mwenye kuichunga dini yake aiepuke, kwa kuwa imeingia katika yale mambo yenye shaka ambayo Mtume (s.a.w.) ametufundisha, katika hadithi ya Nu'man bin Bashir iliyomo katika Bukhari na Muslim, kwamba mwenye kuyaepuka ameisalimisha dini yake na heshima yake.

Hivyo basi, msimamo wake ni wa kadhi aliyeletewa mashahidi wanaopingana. Kadhi wa namna hiyo hutoa uamuzi kwa kadiri ya ushahidi uliopo, naye hajasema kwamba mshitakiwa hana kosa.

Anayedhani kuwa Ibn Hajar alikuwa mlegevu katika mambo haya na akatazame alivyohukumu juu ya kungumanga, kiungo hiki hiki tunachokiona katika pilau na uji. Aliulizwa juu yake akafutu kuwa ni haramu, kwa sababu lilithibiti kwake, kwa nukuu za wanazuoni waliomtangulia, kwamba inalevya. Na katika kitabu chake cha madhambi makubwa, az-Zawajir, ameitaja pamoja na bangi na afyuni. Wengine katika madhehebu, kama Shams ad-Din ar-Ramli (aliyefariki 1004 H), wameruhusu kiasi kidogo kisicholevya. Hapa hatutoi hukumu ya pilau. Tunataka msomaji aone kwamba mtu yule yule aliyeikataza kungumanga iliyomo jikoni ndiye aliyesita katika qat, na tofauti haikuwa huruma yake kwa watafunaji, ilikuwa ni ushahidi. Ushahidi uliposimama alihukumu, na ulipogongana alitahadharisha.

Wanaotumia makosa haya haya katika tumbaku

Kosa hili linarudiwa katika tumbaku. Tumbaku iliingia katika nchi za Waislamu mnamo mwaka 1000 H hivi, kwa hiyo haimo katika maneno ya Maimamu wanne. Walipoiona, wanazuoni walitofautiana vikali. Kule Misri, Ibrahim al-Laqani (aliyefariki 1041 H), wa madhehebu ya Maliki, aliandika kuikataza. Na Ali al-Ajhuri (aliyefariki 1066 H), wa madhehebu hayo hayo na mji huo huo, aliandika kuiruhusu. Kule Damascus, Abd al-Ghani an-Nabulsi (aliyefariki 1143 H), wa madhehebu ya Hanafi, naye aliandika kuiruhusu. Katika Mashafi, al-Qalyubi (aliyefariki 1069 H) aliiharamisha.

Wavutaji wetu hupenda kumtaja al-Ajhuri na an-Nabulsi. Tunasema: sawa, lakini wasomeni mpaka mwisho. Al-Ajhuri ameliweka sharti katika kichwa cha kitabu chake: anazungumzia ule moshi usiopoteza akili. Na hoja za walioruhusu zinarudi katika nguzo tatu: hakuna andiko mahsusi la kuikataza, hailevyi, na madhara yake hayajathibiti kwa watu wote. Nguzo mbili za mwanzo bado zimesimama. Ya tatu imeanguka.

Imeangushwa na nani? Na wale wale ambao mafaqihi wametuelekeza kuwauliza katika jambo la mwili, yaani matabibu waaminifu. Mwaka 1950 watafiti Doll na Hill wa Uingereza walionyesha uhusiano wa sigara na saratani ya mapafu. Mwaka 1964 ikatoka ripoti ya mganga mkuu wa serikali ya Marekani iliyofikia hukumu hiyo hiyo. Leo Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka, wakiwemo wasiovuta ambao walivuta tu hewa ya wavutaji. Tanzania ilitunga sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku mwaka 2003, na ikaridhia mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku mwaka 2007. Ushahidi huu haugongani. Hata wenye viwanda wanaandika onyo juu ya pakiti zao.

Vitabu vya Kishafi vinavyosomwa pwani yetu vilikwisha kuuacha mlango wazi. Mwenye Bughyat al-Mustarshidin, Mufti wa Hadhramaut aliyefariki 1320 H, ametaja kuwa hakuna hadithi iliyokuja juu ya tumbaku, na kwamba yule inayemdhuru akili au mwili ni haramu kwake, kama asali ilivyo haramu kwa anayedhurika nayo, na kama udongo kwa anayedhurika kwa kuula. Zama zake, mwenye kudhurika alijulikana mmoja mmoja. Zama zetu imethibiti kuwa madhara ndiyo kawaida yake, na anayesalimika ndiye wa nadra. Hukumu katika fiqhi hufuata lililo ghalibu. Kwa hiyo, anayemnukuu al-Ajhuri leo amechukua jibu la swali ambalo halipo tena.

Kauli ya pili: "Yote ni khamri"

Sasa tugeukie upande wa pili, na huku ndiko kwenye baadhi ya wahubiri wetu tunaowapenda kwa ajili ya Allah. Nia yao ni njema. Tunachopinga ni dalili waliyoitumia.

Khamri imeharamishwa kwa Qur'ani, Suratul-Maida aya ya 90 na 91. Mtume (s.a.w.) akabainisha kuwa kila kilevyacho ni khamri na kila khamri ni haramu. Sayyidna Umar (r.a.) alisema juu ya mimbari kuwa khamri ni kile kinachoifunika akili, akataja zabibu, tende, asali, ngano na shayiri. Kwa hiyo bia, gongo, mbege na kila pombe ya kienyeji vimeingia humo bila ya ubishi, chache yake na nyingi yake, na anayesema "hii ni ya asili yetu" hana hoja.

Lakini je, sigara inaifunika akili? Kila mtu anajua kuwa dereva huvuta akaendesha gari, na mvuvi huvuta akavuta nyavu zake. Ukimwambia mtu kuwa sigara inalevya, umemtajia jambo ambalo nafsi yake inajua si kweli, na baada ya hapo hatakuamini hata utakapomtajia saratani.

Wanazuoni wetu walikuwa waangalifu katika hili. Al-Qarafi (aliyefariki 684 H), katika kitabu chake al-Furuq, ametenga aina tatu: kilevyacho, kilazacho, na kiharibucho akili bila ya ile furaha na ujasiri wa mlevi, naye akafanya kila aina ina hukumu zake. Wapo waliompinga katika bangi, akiwemo Ibn Taymiyya (aliyefariki 728 H), aliyeihesabu ni kilevi chenye hadd. Na katika madhehebu yetu, ingawa bangi ni haramu bila ya shaka, imesemwa kuwa si najisi, kwa sababu najisi ni kile kilevi cha majimaji, na adhabu yake ni taazir, si hadd. Ikiwa bangi yenyewe, inayolimwa kwa siri katika baadhi ya maeneo ya mkoa wetu huko Tarime, mafaqihi hawakuinajisisha, vipi ugoro wa imamu utanajisisha kinywa chake?

Wengine hutegemea hadithi ya Ummu Salama (r.a.) katika Sunan ya Abu Dawud, kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza kila kilevyacho na kila kilegezacho. Ni dalili nzuri kwa bangi na afyuni. Hata hivyo, mwanafunzi wa elimu ajue mambo mawili. Katika isnadi yake yumo Shahr bin Hawshab, na wanahadithi wamehitilafiana juu yake. Tena, kilegezacho ni kile kinachouleta ganzi na uzito mwilini, na mirungi kazi yake inayojulikana ni kinyume chake: huondoa usingizi na kuchangamsha. Anayeijengea mirungi hukumu juu ya neno hili amejenga nyumba juu ya mchanga.

Ama hadithi ya siku arobaini, imepokewa na Tirmidhi na Nasai, nayo inamhusu mnywaji wa khamri. Hata huyo mnywaji, wanazuoni wamefafanua kuwa kinachokosekana ni thawabu. Faradhi yenyewe inabaki juu yake, akisali imemtoka, na asiposali ameongeza dhambi kubwa juu ya dhambi kubwa. Ikiwa mlevi wa gongo haruhusiwi kuacha swala, mvutaji wa sigara ataachaje?

Na ama swala nyuma ya imamu mwenye kasoro, imepokewa kuwa Ibn Umar (r.a.) alisali nyuma ya al-Hajjaj, na dhulma ya al-Hajjaj inajulikana na kila aliyesoma tarehe. Madhehebu yetu yanasema swala nyuma ya fasiki inasihi pamoja na ukaraha, na bora atafutwe aliye mbora zaidi kwa njia ya uongozi wa msikiti. Kuitenga jamaa na kusali chini ya mwembe siyo dawa yake.

Hukumu tunayoiona

Baada ya kuzibomoa kauli mbili, msomaji ana haki ya kutuuliza: nyinyi mnasema nini?

Tunasema, pombe ya kila aina ni haramu kwa andiko, kidogo chake na kingi chake, ni najisi, na ni miongoni mwa madhambi makubwa. Bangi, afyuni na dawa za kulevya za viwandani ni haramu kwa kuharibu akili, na baadhi yake zinaua.

Tumbaku, iwe sigara, ugoro, shisha au ile inayotiwa katika tambuu, tunaiona ni haramu kwa madhara. Dalili yake ni Suratun-Nisaa aya ya 29 inayokataza kujiua, na Suratul-Baqara aya ya 195 inayokataza kujitupa katika maangamizi, na hadithi ya 32 katika Arobaini za Imamu Nawawi, inayokataza kudhuru na kudhuriana. Dalili hizi zinatosha, hazihitaji kusaidiwa na jina la khamri. Mvutaji ni mkosefu anayehitaji tiba na toba, si mlevi, wala hatolewi katika safu. Aambiwe tu aoshe kinywa chake kabla ya kuja msikitini, kwani Mtume (s.a.w.) amewazuia wenye kula vitunguu thaumu na vitunguu maji wasiukaribie msikiti kwa sababu ya harufu, na moshi una harufu kali kuliko kitunguu.

Ama mirungi, tunakiri kwa uadilifu kuwa ushahidi wake haujafungwa kama wa tumbaku. Kemikali yake kuu, kathinoni, ilitambuliwa mwaka 1975, nayo hupungua nguvu majani yanaponyauka, ndiyo maana magari yanayobeba mirungi hukimbia kama yanafukuzwa. Kamati ya wataalamu ya Shirika la Afya Duniani iliipitia mwaka 2006, nayo haikupendekeza iwekwe katika orodha ya kimataifa ya dawa zinazodhibitiwa, ijapokuwa madhara yake kwa moyo, usingizi, meno na tumbo yanajulikana. Uingereza iliipiga marufuku mwaka 2014, na Kenya inaitambua kuwa zao la biashara. Kwa hiyo yule kijana wa bodaboda anaweza kusema: bado tuko pale alipokuwa Ibn Hajar.

Tunamjibu: haya, na tukubali tuko pale. Ibn Hajar alikwambia uiepuke, mbona hukumfuata? Na alikwambia mwenye kudhurika nayo ni haramu kwake. Basi jihukumu wewe mwenyewe, kwa ushahidi wa mwili wako na nyumba yako. Kama hulali mpaka alfajiri halafu usingizi unakushika na kuikosa swala, basi kinachopelekea haramu ni haramu. Kama fedha ya kitita ilikuwa ya unga wa watoto, Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba yamtosha mtu kuwa na dhambi kule kuwapoteza wale walio chini ya matunzo yake. Kama moyo unakwenda mbio na unaendesha abiria ukiwa hujalala siku mbili, basi umewahatarisha na wengine.

Na lipo jambo ambalo halikuwepo kwa Ibn Hajar. Kitita kilicho halali upande wa Isebania, Kenya, ukikivusha hatua chache kuingia Sirari ni kosa la jinai. Mirungi imo katika Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya Na. 5 ya mwaka 2015, kama ilivyokuwa katika sheria ya 1995 iliyoitangulia. Wapo watakaosema kuwa serikali yetu haihukumu kwa sharia ya Kiislamu. Ni kweli, na mpaka wa nchi haumgeuzi Allah (s.w.) hukumu zake. Lakini tunaishi hapa kwa ahadi, na Waislamu huchunga ahadi zao katika jambo lisilokuwa maasi. Hakuna faqihi hata mmoja aliyesema kula mirungi ni wajibu; basi kuiacha kwa kufuata sheria si kumuasi Mola. Na kumwacha mke na watoto bila ya chakula kwa sababu baba yuko mahabusu kwa ajili ya majani ni dhara lisilohitaji dalili.

Kwa jumla ya sababu hizi tunaona kuwa kwa Mwislamu wa Tanzania kuitafuna na kuiuza hakufai. Tumefika huko bila ya kumsingizia Ibn Hajar, na bila ya kuiita khamri.

Nasaha kwa maimamu

Ndugu zetu wa mimbarini, tofautisheni haramu na haramu. Mwizi wa kuku na muuaji wote ni wakosefu, lakini kadhi akiwahukumu sawa amedhulumu. Mkimwambia mvutaji kuwa yeye na mnywa gongo ni mamoja, huenda akasema: basi na ninywe. Na nyinyi wanafunzi, msichukue neno la mwanachuoni mkaacha sharti lake, kwani huo ni ukhaini wa elimu hata kama ukurasa mmeutaja sawasawa.

Kijana wa bodaboda tulimfungulia risala, tukaisoma pamoja naye mpaka mwisho. Hakusema kitu. Kitita alikifunga akaondoka nacho, na hatujui alikipeleka wapi.

Ama yule mzee wa mwaloni, tulimwambia: "Mzee wetu, siku arobaini hazikuhusu. Katie udhu, sukutua kinywa, usimame na wenzako. Na sigara tutasaidiana nayo taratibu." Siku ya Idi tulimkuta katika safu ya tatu. Sigara haijamtoka bado, lakini ameipunguza. Vijana wawili kati ya wale wanne walikuwa safu hiyo hiyo, nyuma ya imamu yule yule. Tunamuomba Allah (s.w.) awarudishe na wale wawili waliobaki.

Wabillahi tawfiq.